4,294,967,297: namba iliyodhaniwa kuwa tasa kwa zaidi ya miaka tisini

Namba 4,294,967,297 haitishi kwa ukubwa. Ina tarakimu kumi, inaenea kwenye kikokotoo cha kawaida, na ukianza kuipima kwa namba tasa ndogo inazikataa moja baada ya nyingine. Haiishii kwa tarakimu shufwa wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haiigawanyi. Ukiigawanya kwa 7 inabaki 5, kwa 11 inabaki 5 tena, kwa 13 inabaki 10. Anayeendelea hivyo bila mpango wowote atapita namba tasa 115, kisha ya 116, ambayo ni 641, itaigawanya bila baki:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Kwa kalamu na karatasi hiyo ni kazi ya kuchosha, ila si kazi kubwa. Hata hivyo Pierre de Fermat, mmoja wa wanahisabati wakali kuliko wote wa karne ya 17, aliandika mwaka 1640 kwamba anaamini namba hii ni tasa. Dai hilo lilisimama hadi mwaka 1732, Leonhard Euler alipolivunja kwa kuonyesha vigawo hivyo viwili. Ajabu ni kwamba umbo lilelile lililomfanya Fermat aiamini namba hii ndilo linaloonyesha vigawo vyake vimejificha wapi. Ukilitumia vizuri, unahitaji kugawanya mara mbili tu.

Umbo lenyewe

Namba yetu ni 2³² + 1. Ukiiandika kwa mfumo wa jozi, ule wa 0 na 1, inakuwa 1, halafu sifuri 31, halafu 1. Na 32 yenyewe ni kipeo cha 2, kwa sababu 32 = 2⁵. Namba za aina hii, yaani 2 iliyopandishwa kwa kipeo ambacho nacho ni kipeo cha 2, kisha ukaongeza 1, huitwa namba za Fermat:

F₀ = 2¹ + 1 = 3
F₁ = 2² + 1 = 5
F₂ = 2⁴ + 1 = 17
F₃ = 2⁸ + 1 = 257
F₄ = 2¹⁶ + 1 = 65,537
F₅ = 2³² + 1 = 4,294,967,297

Kwa nini tusichukue kipeo chochote tu? Kwa sababu kipeo chenye kigawo witiri kinaiharibu namba papo hapo. Chukua 2⁶ + 1 = 65. Kwa kuwa 6 = 2 × 3, namba hiyo inagawanyika kwa 2² + 1 = 5. Vivyo hivyo 2²⁴ + 1 inagawanyika kwa 2⁸ + 1 = 257. Kinachobaki kama tumaini pekee la kupata tasa ni vipeo visivyo na kigawo witiri, navyo ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea.

Fermat aliona F₀ hadi F₄ zote ni tasa, akaamini zote zinazofuata ni hivyohivyo. Kati ya namba zote za Fermat, hadi leo hizo tano za mwanzo ndizo tasa pekee zinazojulikana.

Vigawo vimejificha wapi

Tuseme p ni namba tasa inayoigawanya 2³² + 1. Maana yake, 2³² ikigawanywa kwa p inabaki p − 1, ambayo kwa urahisi wa hesabu tutaiita −1. Zidisha 2³² kwa yenyewe: −1 mara −1 ni 1, kwa hiyo 2⁶⁴ inabaki 1.

Sasa tazama mabaki ya 2, 4, 8, 16 na vipeo vinavyofuata yanapogawanywa kwa p. Mabaki haya huenda kwa mzunguko, na mzunguko unakamilika pale baki linapofika 1. Kwa kuwa 2⁶⁴ inabaki 1, urefu wa mzunguko ni lazima uigawanye 64. Lakini hauwezi kuigawanya 32, maana kwenye kipeo cha 32 tumekuta −1, si 1. Vigawo vya 64 ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64, na vyote isipokuwa 64 yenyewe vinaigawanya 32. Kwa hiyo mzunguko una urefu wa 64 kamili.

Hapo ndipo inapoingia kanuni ndogo ya Fermat: p ikiwa tasa witiri, 2 iliyopandishwa kwa p − 1 huacha baki 1. Ili hilo litokee, p − 1 lazima iwe na mizunguko kamili, yaani 64 iigawanye p − 1. Kila kigawo tasa cha namba yetu, basi, kina umbo 64k + 1. Ukiorodhesha 65, 129, 193, 257, 321 na kuendelea, kisha ukafuta zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641 kwa kuanzia. Badala ya majaribio 116 yamebaki matano.

Kugawanya namba ya tarakimu kumi kwa mkono hakuna haja. Panda kwa hatua, ukichukua baki kila mara kabla ya kuendelea. Kwa 641:

2¹⁶ = 65,536. Ndani yake 641 inaingia mara 102 na kubaki 154.
154² = 23,716. Ndani yake 641 inaingia mara 36 na kubaki 640.

Kwa hiyo 2³² inabaki 640. Ongeza 1, unapata 641, yaani hakuna kinachobaki. Hatua hizohizo kwa 193 zinatoa baki 109, kwa 257 baki 2, kwa 449 baki 325, kwa 577 baki 288. Kosa linalowapata wengi hapa ni kuzidisha 65,536 kwa 65,536 kwanza, ndipo wachukue baki. Jibu ni lilelile, ila umejirudisha kwenye namba kubwa uliyotaka kuikwepa, na tarakimu moja ikiteleza hutaiona.

Édouard Lucas alikaza kamba zaidi mwaka 1878. Namba tasa yoyote yenye umbo 64k + 1 inabaki 1 ikigawanywa kwa 8, na kwa namba tasa za namna hiyo 2 huwa ni baki la mraba fulani: kuna namba s ambayo s² inaacha baki 2. Mzunguko wa s una urefu maradufu ya ule wa 2, yaani 128. Kwa hiyo 128 ndiyo inayoigawanya p − 1. Orodha inakuwa 129, 257, 385, 513, 641, na kati ya hizo tasa ni 257 na 641 tu. Hayo ndiyo majaribio mawili niliyoyataja mwanzo. Kwa kweli hata 257 ingeweza kurukwa, kwa sababu ni F₃, na tutaona baadaye kwamba namba mbili za Fermat hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1.

Jambo hili linastahili kutafakariwa. Kanuni ndogo, ambayo ndiyo ufunguo wa hoja nzima, ni ya Fermat mwenyewe, na aliiandika kwenye barua ya mwaka huohuo wa 1640. Zana ilikuwa mkononi mwake. Euler naye alilifikia swali baada ya Christian Goldbach kumwandikia mwaka 1729 akimuuliza kama anaifahamu kauli hiyo ya Fermat.

641 bila kugawanya kabisa

Kuna uthibitisho mfupi ambao kila anayependa hesabu anapaswa kuujua kwa moyo. Namba 641 inaandikika kwa njia mbili:

641 = 5 × 2⁷ + 1
641 = 5⁴ + 2⁴

Kutokana na ya kwanza, 5 × 2⁷ inaacha baki −1 ikigawanywa kwa 641. Ipandishe kwa kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inaacha baki 1. Kutokana na ya pili, 5⁴ ina baki sawa na −2⁴. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², inaacha baki 1. Basi 2³² inaacha baki −1, na 2³² + 1 inagawanyika kwa 641. Hakuna tarakimu ndefu hata moja.

Hoja hiyohiyo inazaa tunda la pembeni. Ikiwa 5⁴ ni sawa na −2⁴, basi 5⁸ ni sawa na 2⁸, na 10⁸ = 2⁸ × 5⁸ ni sawa na 2¹⁶. Kwa hiyo 10¹⁶ ni sawa na 2³², yaani −1. Ndiyo maana ukiandika 1/641 kwa desimali, tarakimu zake hujirudia kila baada ya tarakimu 32.

Je, 6,700,417 nayo ni tasa?

Kupata kigawo kimoja si kumaliza kazi. Hata hivyo umbo linatusaidia tena, kwa sababu kigawo chochote tasa cha 6,700,417 ni kigawo cha F₅ pia, kwa hiyo lazima kiwe 128k + 1. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 kiko kati ya 2,588 na 2,589, na hakuna haja ya kuvuka hapo, maana namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Namba tasa zenye umbo hilo zisizozidi 2,588 ni tano tu: 257, 641, 769, 1153 na 1409. Mabaki yake, kwa mpangilio huo, ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri, basi 6,700,417 ni tasa.

Hivyo namba yetu ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Idadi ya namba zisizoizidi ambazo hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1 ni 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240. Kwa maneno mengine, ukichagua namba yoyote chini yake kwa bahati nasibu, karibu kila mara haitashiriki nayo kigawo chochote. Hilo linaeleza kwa nini kubahatisha hakufai kabisa kwa namba kama hii.

Miraba miwili, mara mbili

Njia nyingine ya kuifichua haitafuti vigawo hata kidogo. Namba tasa inayobaki 1 ikigawanywa kwa 4 huandikika kama jumla ya miraba miwili kwa njia moja tu, ukiacha kubadilisha mpangilio. Kwa F₅ njia ya kwanza inaonekana waziwazi:

4,294,967,297 = 65,536² + 1²

Lakini ipo ya pili:

4,294,967,297 = 62,264² + 20,449²

Hakiki: 62,264² ni 3,876,805,696, na 20,449² ni 418,161,601. Jumla inakubali. (Tena 20,449 yenyewe ni 143², kwa hiyo namba yetu ni mraba mmoja na kipeo cha nne kimoja.) Njia mbili maana yake si tasa. Uzuri ni kwamba njia hizo mbili zinakupa vigawo vyenyewe. Fuata hivi, ukioanisha shufwa na shufwa, witiri na witiri:

Tofauti ya shufwa: 65,536 − 62,264 = 3,272. Tofauti ya witiri: 20,449 − 1 = 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika (KKS) cha hizi mbili ni 8. Gawanya kila moja kwa 8, unapata 409 na 2,556.

Jumla ya shufwa: 65,536 + 62,264 = 127,800. Jumla ya witiri: 20,449 + 1 = 20,450. KKS yao ni 50.

Chukua nusu ya 8 na nusu ya 50, yaani 4 na 25: 4² + 25² = 16 + 625 = 641.
Chukua 409 na 2,556: 409² + 2,556² = 167,281 + 6,533,136 = 6,700,417.

Vigawo vyote viwili vimetoka, kila kimoja kikiwa jumla ya miraba miwili. Ukikosea kuoanisha, ukatoa witiri kwenye shufwa, hesabu haitatoa kitu cha maana, kwa sababu tofauti zote zitakuwa witiri na nusu hazitakuwa namba kamili. Ugumu wa njia hii ni kuipata ile jozi ya pili. Ukishaipata, kilichobaki ni kutoa na kujumlisha.

Kipimo kinachodanganywa na kipimo kisichodanganywa

Kompyuta inapotaka kujua haraka kama namba kubwa N ni tasa, mara nyingi huanza na kanuni ndogo: panda 2 hadi kipeo cha N − 1, uone kama baki ni 1. Baki lisipokuwa 1, N si tasa. Likiwa 1, N inashukiwa kuwa tasa, lakini hakuna uhakika.

F₅ inapita kipimo hiki huku ikiwa si tasa. N − 1 ni 2³², ambayo inagawanyika kwa 64, na mzunguko wa 2 una urefu wa 64. Kwa hiyo 2 iliyopandishwa kwa N − 1 inarudi 1 bila shida. Hata kipimo kikali zaidi cha Miller na Rabin kikitumia 2 peke yake kinadanganyika vilevile, kwa kuwa katika kupanda kwa miraba, 2 → 4 → 16 → 256 → 65,536 → 2³², baki la mwisho ni −1 kamili, jibu ambalo kipimo hicho hulikubali. Hii si bahati mbaya ya F₅ pekee: kila namba ya Fermat kuanzia F₁ hupita. Kuipima namba ya Fermat kwa 2 ni kuiuliza swali ambalo umbo lake limeshalijibu.

Dawa ni kutumia 3. Mwaka 1877 Théophile Pépin alithibitisha kwamba namba ya Fermat kuanzia F₁ ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, 3 iliyopandishwa kwa nusu ya (N − 1) inaacha baki −1. Kwa F₅ nusu hiyo ni 2³¹, maana yake unaanza na 3 na kuzidisha kwa yenyewe mara 31, ukichukua baki kila hatua. Mwanzo wake ni huu:

3, 9, 81, 6,561, 43,046,721, 3,793,201,458 …

Baada ya hatua ya 31 baki ni 10,324,303. Kama namba ingekuwa tasa, lingekuwa 4,294,967,296. Kesi imekwisha, ingawa kipimo hakikutoa kigawo hata kimoja.

Anayeandika programu ya hesabu hii aangalie sana mipaka ya mashine, kwa sababu namba hii iko pale hasa mipaka ilipo. Nafasi ya biti 32 isiyo na alama ya hasi inaishia 4,294,967,295. Ukiweka F₅ humo, kinachohifadhiwa ni 1, na kwa kuwa 1 inaigawanya kila namba, kila baki utakalochukua litakuwa 0, jibu la ovyo. Ukitumia biti 64 zenye alama ya hasi, hatua tano za kwanza za Pépin ni sahihi, lakini ya sita inazidisha 3,793,201,458 kwa yenyewe. Zao hilo ni zaidi ya 14 ikifuatiwa na sifuri 18, na kikomo ni kama 9.22 tu ikipimwa kwa kipimo hichohicho. Biti 64 zisizo na alama ya hasi zinabeba kila zao isipokuwa moja: baki likiwa 2³² kamili, mraba wake ni 2⁶⁴, ambayo humo inageuka 0. Na baki hilo ndilo −1, lile lile linalotokea ukipima kwa 2, kwa hiyo programu itasema 0 mahali pa 1. Hifadhi mazao kwa biti 128, au tumia lugha yenye namba kamili zisizo na kikomo.

Jirani zake mbili

Zidisha namba zote tano za Fermat zilizotangulia:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 = 4,294,967,295

Ni F₅ toa 2. Sababu ni kanuni ya tofauti ya miraba: 2³² − 1 ni (2¹⁶ + 1)(2¹⁶ − 1), kisha 2¹⁶ − 1 inavunjika vilevile, hadi chini kabisa. Kigawo chochote cha pamoja kati ya F₅ na mojawapo ya zile tano kingelazimika kuigawanya 2, na namba zote hizi ni witiri. Ndiyo maana 257 haikuwa na nafasi tangu mwanzo.

Hapo jiometri inaingia. Carl Friedrich Gauss aligundua mwaka 1796 kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa rula na bikari peke yake. Kutokana na kazi yake, na uthibitisho wa Pierre Wantzel wa mwaka 1837, tunajua sharti kamili: idadi ya pande lazima iwe kipeo cha 2, au zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti, likiwa limezidishwa au halijazidishwa kwa kipeo cha 2. Kwa kuwa tasa zinazojulikana ni tano, maumbo ya pande witiri tunayojua kuwa yanachoreka ni 31, na kubwa kuliko yote lina pande 4,294,967,295. Umbo la pande 4,294,967,296 nalo linachoreka, kwa kuwa hiyo ni 2³² na kinachohitajika ni kugawa pembe nusu kwa nusu. La pande 4,294,967,297 haliwezekani, kwa sababu 641 si namba ya Fermat.